Mvalishe Festo Kwanza

Mwanangu Skola,

Mabegi umeshafunga, na sasa umeenda Ruaha kumuaga mama yako wa ubatizo. Nyumba imenyamaza, na mimi nimepata meza. Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kufunga mlango. Hayo unayajua, na usipoyafuata nitasikia. Nataka kukuandikia juu ya mashine yako, ile miwani mikubwa inayomfunika mtu macho mpaka anadhani yuko barabarani, kumbe amekaa kwenye benchi la mgahawa wangu.

Utasema mama hajui mambo ya uhalisia pepe. Ni kweli. Nilijifunza hilo neno kutoka kwako, na nusu ya uliyonieleza yalinipita. Lakini kazi ya kuwaonyesha watu picha niliwahi kuifanya kabla hujazaliwa, na niliianza vibaya. Habari ya banda la video uliisikia kwa marehemu baba yako, naye alikuwa anaisimulia kwa kuchekesha. Mimi nitakupa ile sehemu aliyokuwa anairuka.

Unajua nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge, upande wa Kimamba. Wazazi wangu walitoka Songea kuja kukata mkonge kwa mkataba. Mkataba ukaisha, wao wakabaki. Songea sijafika mpaka leo. Nikiulizwa kwetu ni wapi, najibu Songea, kwa kuwa ndilo jibu linalotakiwa, lakini kichwani naona safu za nyumba za kambi, bomba moja la maji, na makapi ya mkonge yakichachuka nyuma ya kiwanda. Nilisoma, nikawa karani wa ofisi ya shamba. Kwenye klabu ya mabwana wa zamani kulikuwa na kabati la vitabu visivyo na mwenyewe, nikavisoma vyote, hata kimoja cha kutunza farasi. Ndiyo maana wazee wa hapa mpaka leo hawaniiti jina. Wananiita Karani.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Kilosa, ambayo jana yake tulikuwa tunayapangia foleni ya sabuni, yakajaa redio, vitenge, baiskeli na vitu ambavyo hatukujua vinatumikaje. Katika miaka hiyohiyo shamba letu lilikufa. Mkonge haukuwa na bei, mitambo ilikuwa imechoka, na waliokuja kulitazama ili walinunue walitazama ardhi, hawakutazama kambi. Tukaambiwa tuhame. Nyumba hazikuwa zetu, tukafunga mizigo. Baba yako alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na siku ya kuondoka aliipaka grisi kana kwamba kesho yake ingewashwa.

Tulikaa Kilosa mjini muda mfupi, kisha tukahamia Mikumi kwa sababu ya barabara. Malori ya Iringa na Mbeya yalikuwa yanalala hapa, na madereva wakishakula hawakuwa na la kufanya. Baba yako alikuwa ameona banda la video Morogoro. Akasema, "Tukiweka luninga na deki, hawa wote watakuwa wetu."

Kariakoo nilikwenda mimi, kwa kuwa ndimi niliyeonekana msomi. Kwenye lile duka kulikuwa na luninga nyingi, na moja ilikuwa kubwa kuliko zote, imewekwa ndani ya kabati la mbao linalong'aa, lina milango yake miwili midogo. Muuzaji aliniona ninavyoitazama. "Mama, hii haikai hapa wiki. Wameileta mabaharia kutoka mbali. Hii ni ya watu wazito." Niliuliza kama kabati ni mbao kweli. Niliuliza kama milango ina ufunguo. Nilikuwa msichana wa kambi, mwanangu, sijawahi kumiliki kabati. Mle dukani nilichagua samani nikidhani nachagua chombo.

Swali ambalo sikuuliza ni hili: je, inaelewana na kanda zetu? Kumbe kila upande wa dunia ulikuwa na mfumo wake wa picha. Luninga ile ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Deki na kanda zilizokuwa zinazunguka Tanzania zilikuwa za mfumo mwingine. Tulipoziunganisha, picha ilikuja bila rangi, tena haikutulia. Ilikuwa inapanda juu polepole, miguu ya watu ikitangulia na vichwa vikifuata, kisha inaanza tena. Nyuma kulikuwa na kitufe cha kuituliza, na baba yako alikaa huko kila onyesho, mkono kwenye kitufe, asione hata picha moja.

Watu walikuja, wakajaa. Walikaa mpaka mwisho, wakasema, "Ahsante sana Karani, nzuri." Wiki iliyofuata wakaja wachache, nao wakasema nzuri. Sisi tukaanza kutafuta kasoro. Tukabadilisha kanda. Tukaongeza mabenchi. Tukapaka banda rangi ya bluu. Nilifikia mahali pa kumshuku jirani, nikaacha kumsalimia mwanamke ambaye hakuwa amenikosea lolote. Tuligusa kila kitu isipokuwa ile luninga, kwa sababu ilikuwa nzuri, na kila mtu alikuwa amesema ni nzuri.

Ndipo akaja Festo. Wakati ule alikuwa kijana, ndiyo kwanza amepewa lori lake. Sikuwa namjua. Alisimama mlangoni, akatazama watu waliokuwa wamekaa kimya, akatazama kioo, akavua kofia.

"Poleni wafiwa," akasema. "Nani katutoka?"

Nikamwambia hapa hakuna msiba, alipe aingie.

"Sasa mbona mmemzunguka mgonjwa anayekata roho? Tazama, anapanda mbinguni, anarudi. Anapanda, anarudi. Mwacheni aende basi!"

Banda zima likacheka. Sikuwahi kusikia watu wakicheka mle ndani. Nikamuuliza kwa hasira ni mtu wa wapi. "Mhehe wa Iringa," akasema. "Na wewe kwa ukali huo ni Mngoni." Nikaitikia. Akapiga makofi. "Nilijua! Babu zako waliwakimbia babu zangu wakaacha na sufuria jikoni, leo umekuja kulipiza kwa kuwatia watu upofu."

"Babu zako ndio waliokimbia," nikamjibu, "tena mpaka leo mnaishi milimani kwa woga." Nilikuwa nimeshaanza kucheka bila kupenda. Si unajua utani wetu na Wahehe. Wazee walipigana mpaka wakachoka, na sisi tukarithi ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Mtani akija msibani anaweza kulala kwenye kaburi mpaka apewe kitu, na hakuna wa kumwondoa. Ukweli ambao ndugu yako ataubeba miaka yote, mtani anakupa akiwa bado amesimama mlangoni.

Baba yako alitoka nyuma ya luninga, mkono una vumbi. Festo akamwonea huruma. "Shemeji, kumbe wewe ndiye unayempandisha?" Kisha akaacha mzaha, akatueleza habari ya mifumo ya picha, maana kaka yake alikuwa fundi redio Iringa mjini.

Kesho yake nilimfuata Mzee Salumu, jirani yetu, ambaye alikuwa hakosi onyesho. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Karani, ningeanzaje? Umetukaribisha vizuri, umetupa na mabenchi ya kuegemea. Nikwambie chombo chako kibovu?"

"Sasa ulikuwa unatazama nini siku zote hizo?"

"Nilikuwa nasikiliza," akasema. "Sauti ilikuwa nzuri."

Lori la Festo ndilo lililobeba lile kabati kurudi Dar. Alirudi na luninga ndogo ya plastiki, mbaya, imekwaruzwa ubavuni, kioo chake hakimtoshi aliyekaa benchi la nyuma. Lakini nyasi zilikuwa za kijani na damu ilikuwa nyekundu. Watu walisimama ili waone. Baada ya miaka michache vituo vya luninga vikaanza nchini, watu wakanunua zao, na banda likafa kifo cha kawaida. Waliobaki ni madereva. Walikuwa wamezoea kula kwangu, nikawa nawauzia wali na chai, na kazi hiyo ndiyo iliyokusomesha. Ile mashine niliyoililia ilidumu nasi muda mfupi. Waliokuwa wanaitazama bado wanakuja.

Sasa nije kwako.

Kazi uliyoitengeneza naielewa kuliko unavyofikiri. Barabara yetu inapita katikati ya hifadhi, na dereva mgeni haamini kwamba tembo anaweza kusimama katikati ya lami saa ya magharibi mpaka siku amkute. Unataka amkute kwanza ndani ya miwani, akosee huko, afundishwe huko. Festo mwenyewe alimkuta nyati, ndiyo maana anachechemea. Wazo lako ni zuri na ninalisema kwa moyo wote. Mwisho wa mwezi utawaonyesha huyo mwenye mabasi wa Dar na madereva wake. Akikubali, una kazi, na baada yake watakuja wenye malori. Akikataa, utarudi kupiga picha za harusi Kilosa, ambayo ni kazi halali, ila umeniambia mwenyewe inakukausha.

Kwa hiyo nielewe. Kuna jambo juu ya kazi yako ambalo kila mtu hapa Mikumi analijua isipokuwa wewe.

Siku ulipomvalisha Mzee Salumu ile miwani uliyoazima chuoni, alisema, "Mashallah, mjukuu wangu, nzuri sana." Wewe ukaenda kuchaji kompyuta yako. Yeye alizunguka nyuma ya jiko, akashika nguzo, akaomba limau. Akalilamba pale karibu nusu saa. "Usimwambie mtoto," akasema. Yule dada wa kwaya aliyesema imemfurahisha alilala kwenye chumba changu mpaka jioni. Katekista alitapika. Alinawa uso, akarudi mezani kwako, akakupa mkono wa pongezi, nami nilimwona.

Na mimi nilivaa. Unakumbuka niliivua nikasema nzuri, kisha nikasema malaria inaninyemelea, nikaenda kulala. Haikuwa malaria.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya hivyo, mimi niliyetendewa jambo hilohilo. Jibu lake si gumu. Ulikuwa umesimama mbele yangu, uso wako una matumaini, nikaona ndizi zinaungua, nikasema nzuri. Hivyo ndivyo tulivyo, Skola. Hatukukudanganya kwa ubaya. Ila madereva wa yule bwana hawakujui, hawajala kwako, na hawatazunguka nyuma ya jiko kutafuta limau. Dereva akitapika mbele ya tajiri wake, atacheka aliyesimama pembeni, na miwani yako haitavaliwa tena pale.

Basi chukua ripoti yangu, niliyopaswa kukupa siku ile. Mwanzo, gari likiwa limesimama getini, nilikuwa sawa kabisa. Niligeuza kichwa, nikaona kioo cha pembeni, nikashangaa. Ubaya ulianza gari lilipoondoka, na ulizidi kwenye ile kona yenye nyasi ndefu. Nikigeuza shingo, dunia ilikuwa inachelewa, kisha inanifuata kwa kuruka. Tumbo likabaki nyuma. Uliwahi kunieleza kwamba kompyuta ikizidiwa na picha ndivyo inavyokuwa, na kwamba yako ya kupakata ni dhaifu. Halafu siku hiyohiyo ukaniambia kwa fahari kwamba umeongeza nyasi na kila jani linatikisika. Baba yako alikuwa anaisikia korona kutoka mbali inapolishwa mkonge kuliko uwezo wake, na hakuwa anamlaumu mtu wala mashine, alikuwa anapiga kelele tu, "Punguza!" Punguza nyasi, mwanangu. Hakuna dereva aliyewahi kugongana na nyasi.

Lakini lipo na hili. Alipotoka yule tembo mdogo upande wa kulia, na mama yake bado hajavuka, nilikanyaga breki. Hapakuwa na breki, nilikanyaga sakafu ya mgahawa, na ndala ikakatika. Ile ndala uliyoniuliza imekatikaje. Nimepita barabara hiyo maisha yangu yote, sijawahi kuendesha, na tangu siku ile nikipanda basi namtazama dereva miguu. Kipande hicho usikiguse.

Kuhusu kifaa cha kununua, najua bado unasita kati ya ile miwani mipya myembamba inayojitegemea na ile iliyokwisha kutumika, yenye waya, inayotaka uinunulie kompyuta kubwa ya mezani. Sitakuchagulia. Kanuni zako za kompyuta siwezi kuzisoma. Ila nimekuona unavyoitazama picha ya ile mipya kwenye simu, na mimi nilikuwa hivyohivyo mbele ya kabati la mbao. Kwa hiyo jiulize yale maswali yasiyopendeza. Itawaka kwenye yadi ya mabasi umeme ukikatika? Umeniambia ile mipya haifunguki bila kuingia mtandaoni kwanza. Sasa siku mtandao umelala, utawaambia nini watu waliopanga mstari? Dereva wa umri wa Festo ana miwani yake ya kusomea. Itaingia ndani ya hiyo, au atavua asione kitu? Kondakta wa kike aliyesuka, ule mkanda utapita wapi? Na jasho. Kila mtu atakayeivaa ameketi juu ya injini tangu alfajiri. Na ule waya wa ile ya zamani, nani ataukanyaga kwanza? Kila moja ina kasoro yake, na haitakosekana. Nenda dukani ukiwa na nyuso za hao watu kichwani, si ukiwa na uso wako.

Ningependa pia ujue kwamba chochote utakachonunua kitazeeka haraka kuliko viatu vyako. Usikililie. Mimi nimehama kambi, nikahama Kilosa mjini, nikahama biashara, na vitu nilivyokuwa nikibeba kwa uangalifu mkubwa kila safari sikumbuki viliishia wapi. Nakumbuka ni nani aliyenisaidia kuvibeba.

Jana ulipokuwa umeenda kuchukua nguo kwa fundi, Festo alipita akielekea Iringa, kuthibitisha habari ya safari. Anashuka na mahindi kutoka Iringa kwenda Dar, na leo analala Mikumi. Kompyuta yako itakaa nyuma ya kiti, ameshaiandalia godoro. Alikula bila kunitania, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akasema, "Karani, binti yako ananikwepa. Kamvalisha mzee wa watu, kamvalisha mpaka katekista. Mimi niliyekanyagwa na nyati hanivalishi."

Nikamwambia, "Anaogopa mdomo wako."

"Mdomo wangu ndio uliokuletea luninga yenye rangi, Mngoni wewe usiye na shukrani."

"Ulituletea kisanduku cha plastiki, na chenji sijaiona."

"Chenji niliwapelekea babu zako kule walikokimbilia," akasema, akaomba chai nyingine. Lakini nilimwona ameumia kidogo.

Nilikuuliza siku moja kwa nini humwonyeshi, ukanijibu, "Mama, anko Festo atanicheka mbele za watu." Ndiyo, atakucheka. Yeye ndiye mtu pekee katika wote wanaokupenda ambaye ana ruhusa ya kukucheka, na ameingojea.

Kesho mtaondoka kabla jua halijachomoza, na mtapita barabara yenyewe, ile ya kweli, wewe ukiwa umekaa juu kwenye lori kuliko ulivyowahi kukaa. Tazama anavyopunguza mwendo na mahali anapopunguza. Usimuulize maswali mpaka mtoke hifadhini, huwa hazungumzi humo tangu alipoumia. Chalinze anasimama kupumzika na kunywa uji. Hapo toa kompyuta yako na ile miwani ya chuo, umwambie avae. Akianza kukutukana, usijitetee, wala usimweleze kwamba kompyuta ni dhaifu. Mwache amalize, kisha muulize tumbo lilianza kumgeuka wapi, kwenye kona au kabla ya kona, na uandike. Una muda wa kutosha wa kurekebisha kabla ya mwisho wa mwezi, na baada ya hapo ndipo ununue kifaa, si kabla.

Asipotapika, utanipigia simu. Akitapika, utanipigia pia, na mimi nitacheka kwa niaba ya Wangoni wote.

Limau nimeweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi dogo. Ni yake, si yako. Ila ni mtu mzima, na dereva wako. Mwamkie shikamoo kwanza, ndipo umvalishe.

Mama yako,
Karani